Notion, Airtable au laha la Google: wateja na barua pepe zao tuziweke wapi?

Mapokezi_Arusha
Habari za kazi wakuu. Tuna ofisi ndogo ya safari hapa Arusha, tuko watatu: mimi wa barua pepe, mwenzangu wa magari na hoteli, na mhasibu anayekuja Jumanne na Ijumaa. Wageni wa msimu wa Juni hadi Oktoba huanza kuandika mapema mno. Mtu anauliza bei ya siku 7 Serengeti na Ngorongoro, namtumia kotesheni, ananyamaza miezi miwili, halafu anarudi na swali moja tu la viti vya watoto kwenye gari.

Mwezi uliopita familia ya watu watano iliandika kwamba iko tayari kulipa. Barua ikazama chini ya nyingine, nikaiona siku ya 9. Walishachukua kampuni nyingine. Imeniuma, maana safari ile niliipanga siku kwa siku.

Sihitaji mfumo mkubwa. Nataka niingie asubuhi nione nani anangoja jibu langu na nani namngoja mimi. Laha la Google (Google Sheets) tunalo; Notion na Airtable, programu za mtandaoni za kutunza kumbukumbu kwa majedwali, nimezionja siku chache. Nyie mnatumia nini?

Laha_Latosha
Mkuu, baki kwenye laha. Mteja mmoja mstari mmoja, safu tano: jina, anwani, mara ya mwisho kuandikiana, hatua inayofuata, tarehe ya hatua hiyo. Panga kwa tarehe ya hatua, weka rangi nyekundu kwa zilizopitwa na leo. Mimi nauza samani za ofisi na hii imenitosha miaka minne. Familia yako haikupotea kwa kukosa Notion. Ilipotea kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa "mjibu kabla ya Alhamisi".

Bi_Tafsiri
Salaam kutoka Mombasa. Nakubaliana na ndugu hapo juu, lakini nauliza: una mawakala?

Mimi ni mfasiri. Laha lilinifaa hadi wakala mmoja wa Ujerumani alipoanza kuniletea wateja saba kwa wakati mmoja. Nikawa naandika jina na anwani ya wakala mara saba, na alipobadilisha anwani nikarekebisha mistari mitano nikasahau miwili. Ankara ikaenda anwani iliyokufa.

Kwenye Notion nina majedwali mawili, Watu na Kazi. Kazi inaunganishwa na mtu wake, basi. Nikifungua ukurasa wa wakala naziona zote saba, na kuna safu inayonivutia yenyewe tarehe ya karibuni kutoka kwenye kazi hizo. Kwako itakuwa Watu na Safari, kwa sababu mgeni huyohuyo anaweza kurudi mwakani na wazazi wake, na hapo ni safari mpya, mtu ni yuleyule.

Nyumba_Paje
Airtable pia inaunganisha majedwali hivyo, na kwa macho yangu ni nyepesi kuliko Notion. Ila toleo la bure lina kikomo cha rekodi (yaani mistari) 1,000 kwa kila kanzidata, mkusanyiko mmoja wa majedwali. Mimi nilitaka kila barua iwe na rekodi yake. Nilikuwa na maulizo kama 40 kwa mwezi, kila moja barua sita hivi, yaani rekodi 240. Kufika mwezi wa tano tangu nianze, nikagota. Usirudie kosa hilo: barua zikae Gmail, kanzidata ibebe mtu na hatua tu.

Fundi_Mtandao
Hapo Nyumba_Paje amegusa penyewe. Fungua mazungumzo ya Gmail kwenye kivinjari, nakili anwani ya ukurasa iliyo juu, ibandike kwenye mstari wa mteja. Bonyeza moja, umefika. Angalizo: anwani hiyo ina /u/0/ au /u/1/, kulingana na akaunti ipi uliifungua kwanza. Mwenzako akitanguliza akaunti yake binafsi, kiungo kitampeleka kwenye kikasha kingine. Ofisini kote akaunti ya kazi itangulie.

Ukitaka barua zijiandike zenyewe, HubSpot, mfumo wa kutunza wateja, ina toleo la bure na anwani maalumu ya kuweka kwenye nakala fiche (BCC) unapomwandikia mteja. Barua inaingia kwenye historia ya mteja. Kwa watu watatu naona ni nzito.

Kuhusu Notion: ukiwa mwanachama peke yako, toleo la bure halikubani. Mkiwa wanachama wawili au zaidi, kuna kikomo cha bloku 1,000, na kila aya ni bloku. Fungua kwa barua pepe ya ofisi (si yako binafsi, ukiondoka usiondoke na wateja), kisha wenzako waalike kama wageni wa ukurasa, si wanachama. Wageni 10 wanaruhusiwa.

Na tafadhali, namba za pasipoti na magonjwa ya wageni visikae kwenye jedwali ambalo kila mtu anafungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti.

Mapokezi_Arusha
Asanteni sana. Mawakala tunao watatu, kwa hiyo swali la Bi_Tafsiri limenimaliza. Nimefungua Notion kwa barua pepe ya ofisi, majedwali Watu na Safari. Kwenye Safari nimeweka "zamu ya nani", sisi au mgeni, pamoja na tarehe na kiungo cha Gmail. Pasipoti zinabaki kwenye faili la mhasibu.

Nimeingiza safari 62 usiku wa jana. Kumi na moja zilikuwa zamu yetu, moja tangu wiki tatu zilizopita. Huyo nimemwandikia saa 1 asubuhi hii, nikamwomba radhi kwanza kabla ya bei.

Bi_Tafsiri
Akijibu, badilisha zamu palepale kabla hujafunga barua. Mimi huahirisha mpaka jioni, na jioni nakuwa nimesahau.