Hivi ftest ya nini tena kwenye mistari ya eksirei? Tangu 2002 watu wameambiwa!

Wakuu, nina hasira na leo naimwaga hapa. Makala yetu imerudi kutoka kwa mhakiki. Tuna kinundu kidogo kwenye spektra (mchanganuo wa eksirei za angani kwa nishati) karibu na 6.7 keV, kipimo cha nishati, pale panapotarajiwa mstari, yaani mng'ao wa nishati moja maalumu, wa chuma kilichobakiwa na elektroni mbili tu. Tulitengeneza maelfu ya spektra za kuigiza zisizo na mstari huo, tuone bahati peke yake inaleta kinundu kama hicho mara ngapi. Mhakiki anataka hayo yote yaondolewe, tuweke namba moja ya ftest, yaani jaribio la F linalolinganisha modeli isiyo na mstari na ile yenye mstari. Eti ndivyo wanavyofanya wote.

Basi wote wanakosea! Protassov na wenzake walishalieleza hili kwenye Astrophysical Journal mwaka 2002. Jaribio la F lina sharti: ukirudi kwenye modeli ndogo (isiyo na mstari), thamani za vigezo ulivyoongeza zisiangukie ukingoni mwa zinazoruhusiwa. Sasa nguvu ya mstari wa utoaji haishuki chini ya sifuri, na kusema "hakuna mstari" ni kusema nguvu yake ni sifuri. Hapo uko ukingoni kabisa. Isitoshe, nguvu ikiwa sifuri, nishati na upana wa mstari havina maana yoyote. Kwa hiyo ule uwezekano unaotolewa na programu, kwamba kinundu ni bahati tu, unasomwa kwenye mgawanyo wa takwimu usiohusika. Unaweza kuwa mdogo kupita kiasi au mkubwa kupita kiasi, na kwa kuutazama tu huwezi kujua.

Hapo sijagusa wanaoteleza gausi (umbo la kengele linaloigiza mstari) kuanzia 2 hadi 10 keV, wakikuta kinundu wanasimama, halafu wanaripoti kana kwamba walikuwa wakichungulia hapo tu tangu mwanzo. Fotoni zikiwa chache wanazifunga ishirini ishirini ili kai-skweya (kipimo cha modeli inavyolingana na data) ikubali, na mstari mwembamba unamezwa humo humo. Takwimu ya Cash, inayofaa fotoni chache bila kuzifunga, ipo tangu 1979, jamani!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba zana zipo. Programu ya kuchambua spektra ya XSPEC ina simftest. Mwenzake Sherpa ina plot_pvalue. Zote mbili hupima kwa kuigiza data. Unaiacha kompyuta ifanye kazi usiku. Lakini amri ya ftest inapokea namba nne, kai-skweya mbili na digrii za uhuru mbili, inakutemea jibu. Haijui hata kama unapima mstari. Mwanafunzi anayeanza atashtukaje, wakati makala anazosoma zimejaa namba hiyo hiyo na wahakiki ndio wanaoidai?

Na wakati wenyewe ni mbaya. Darubini ya anga ya eksirei ya XRISM iliyorushwa Septemba 2023 inatenganisha mistari kwa takriban eV 5, wakati kamera za CCD za darubini za zamani zaidi, Chandra na XMM-Newton, hupita eV 100 (keV moja ni eV 1000) kwenye eneo la chuma. Vinundu vya kubishania vitakuwa vingi. Tumeona mstari wa 3.5 keV uliotangazwa 2014 ulivyozua mjadala wa maada ya giza, kisha darubini ya Hitomi ikalitazama kundi la galaksi la Perseus mwaka 2016 na isiuone kwa nguvu iliyokuwa imedaiwa hapo.

Sisi hatuweki ftest. Waliowahi kukutana na mhakiki wa namna hii, mlimwandikia nini akaelewa? Na kama mhariri aliingilia kati, alifuata utaratibu gani? Jibu letu tunatakiwa kulirudisha mwisho wa mwezi.