Kolonoskopi au siti skani ya utumbo mpana? Mliopima nisaidieni

MamaZuhura (Minneapolis)
Habari zenu wakuu. Nimetimiza 45, daktari kaanza: njoo tupime saratani ya utumbo mpana. Nilijua ni mambo ya miaka 50, kumbe huku Marekani umri ulishushwa 2021. Kolonoskopi, ile kamera ya kuingizwa nyuma, siitaki, tusidanganyane. Nasikia siti skani inaona utumbo bila kamera. Nani kaipima?

Bakari_wa_Tanga
Mimi, dada. Ila dawa ya kuharisha hapo hukwepi. Mchana supu ya maji tu, usiku kucha wewe na choo. Kuna na dawa nyingine ya kupaka rangi mabaki, yasije yakadhaniwa vinyama (vile viuvimbe vinavyoota ndani ya utumbo, vingine hugeuka saratani). Asubuhi unalala kwenye mashine, mrija mwembamba unapitishwa (ndiyo, hukohuko), gesi inajazwa mpaka tumbo linakuwa ngoma. Unapigwa picha chali, unageuzwa kifudifudi, "bana pumzi", basi. Kama robo saa hivi. Sikuchomwa sindano ya usingizi, nikaendesha gari mwenyewe hadi kazini.

Kipepeo
Obama alipima hiyohiyo 2010. Bush yeye alipofanyiwa kolonoskopi, 2002 na 2007, ilibidi amwachie makamu wake Cheney madaraka kwa saa mbili hivi kwa sababu ya usingizi 😂

nesi_wa_zamu
Bakari kaeleza vizuri, ila skani inaona tu, haikati. Ikikuta kinyama cha milimita 6 au zaidi, kwa kawaida unapelekwa kwenye kamera kikatolewe, na kama hawana nafasi siku hiyo, dawa unainywa upya. Vinyama vya sentimita 1 na kuendelea inakamata kama 9 kati ya 10. Vidogo, na hasa vile bapa, ndivyo vinavyoiponyoka. Tena inapiga picha tumbo zima: wengine walikuja kwa utumbo wakaondoka na kivimbe cha figo cha kufuatilia. Skani ni kila miaka 5, kamera ikiwa safi miaka 10.

Mzee_Kigoda
Na kile kidonge chenye kamera?

nesi_wa_zamu
Unameza mzee wangu, kinapiga picha kikishuka. Lakini dawa yake ya kusafisha ni nyingi kuliko zote, maana kidonge nacho lazima kisukumwe. Anayeogopa vyote hivi namwambia apime choo kila mwaka: unachukua kidogo kwa kijiti nyumbani, wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ikipatikana, kamera.

MamaZuhura
Asanteni sana. Halafu mama yangu aliugua hiyohiyo akiwa na 52. Inabadilisha kitu?

nesi_wa_zamu
Dada! Hilo ungeanza nalo. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiugua kabla ya 60, hapo ni kamera, skani weka pembeni. Unaanza na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye, ipi itangulie, na unarudia kila miaka 5. Wewe umeshachelewa. Mpigie daktari kesho umwambie habari za mama, na wadogo zako uwaambie.

MamaZuhura
Dah. Haya, nitapiga. Hiyo dawa ina ladha gani?

Bakari_wa_Tanga
Maji ya bahari yenye limau. Iweke kwenye friji, inywe kwa mrija. Na vaselini usisahau.