Ukulele ya babu imepata ufa, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nipo Uyole, Mbeya. Marehemu babu alituachia ukulele ndogo (kama kigitaa cha nyuzi nne) ya mbao za mahogani, yenye vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi. Nyuma ya kichwa kuna mhuri wa C. F. Martin & Co., Nazareth (watengenezaji wa magitaa wa Marekani), lakini haina namba yoyote.

Ukavu wa kipupwe umeipasua usoni, ufa kama urefu wa vidole vitatu. Ilikuwa imefungwa nyuzi za chuma. Nimezitoa haraka, maana iliundwa kwa nyuzi laini za utumbo wa mnyama. Seremala alitaka kumimina supaglu nikakataa, roho iliniuma mno. Wiki mbili sasa naihifadhi kwenye kasha pamoja na kitambaa chenye unyevu, na ufa umejibana kidogo.

Je, vigingi vya mbao vinatosha kukadiria umri wake? Na ufa huu niuzibe kwa gundi gani?