Safari fupi ya Andorra kutokea Barcelona: naomba ushauri

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mbeya, na mwezi Oktoba nitahudhuria mafunzo jijini Barcelona. Mafunzo yakiisha nitabakiwa na siku chache kabla ya ndege ya kurudi, nami natamani sana kuzitumia kwenda Andorra, ile nchi ndogo iliyo ndani ya milima ya Pirenei kati ya Uhispania na Ufaransa, kwa kuwa kila mwaka nawafundisha wanafunzi habari za makazi ya milimani ilhali sijaona milima mingine zaidi ya hii yetu. Naomba kujulishwa habari za viza, za usafiri, na za mahali panapomfaa mtu asiyekwenda kununua vitu wala kuteleza kwenye theluji.

Binti Gangilonga (Iringa)

Shikamoo Mwalimu. Naanza na viza, kwa sababu ndiyo inayoweza kukuharibia safari nzima. Andorra inatumia yuro, lakini haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya, zikiwamo Uhispania na Ufaransa, zinazotumia viza moja. Yenyewe haimdai viza mgeni wa muda mfupi. Tatizo ni kwamba haina uwanja wa ndege wala reli, hivyo ni lazima upitie Uhispania au Ufaransa. Ukivuka mpaka kuingia Andorra unahesabiwa kuwa umetoka Schengen, na siku ya kurudi Barcelona unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi, nawe utakuwa huna haki ya kurudi kuipanda ndege yako. Kwa hiyo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, eleza safari ya Andorra katika maombi, na uambatishe uthibitisho wa malazi ya huko.

Wapo watakaokuambia kwamba askari wa mpakani hawakagui kila basi. Ni kweli, lakini nakusihi usijenge safari juu ya bahati. Tazama pia bima yako: ile ya Schengen hutakiwa kufikia yuro 30,000, ila hakikisha cheti kinaitaja na Andorra.

Usafiri hauna shida. Mabasi huondoka Barcelona, mjini na hata uwanja wa ndege, na mwendo ni takriban saa tatu.

Mzee wa Makete

Mwalimu mwenzangu, umefanya vyema kutokwenda kwa ajili ya maduka. Wageni wengi huishia katika mitaa ya biashara ya mji mkuu, Andorra la Vella, ambako kodi ya bidhaa ni asilimia 4.5 tu wakati Uhispania ni 21, kisha hurudi bila kuiona nchi yenyewe. Nchi nzima ina kilomita za mraba 468, lakini kwa mwalimu wa jiografia kuna bonde moja linalotosha kuifanya safari iwe na maana, nalo ni Madriu-Perafita-Claror, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004. Halina barabara ya gari hadi leo. Unaingia kwa miguu. Humo utaona vibanda vya mawe vya wachungaji, matuta ya mashamba, mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma, na malisho ambayo ni mali ya jumuiya, si ya mtu mmoja mmoja. Sisi tunaohangaika na migogoro ya ardhi ya malisho tuna mengi ya kujifunza hapo, na ningependa sana wanafunzi wako wayasikie.

Mjini, tafuta Casa de la Vall, nyumba ya mwaka 1580 ambayo ilikuwa bunge kwa zaidi ya karne tatu. Ina kabati la nyaraka lenye kufuli saba, moja kwa kila parokia (ndivyo wanavyoyaita majimbo yao madogo), ili lisifunguliwe pasipo wote kuwapo. Uliza mapema kama iko wazi. Wakuu wa nchi ni wawili, Rais wa Ufaransa na Askofu wa Urgell wa Uhispania, kwa mapatano yaliyoanza mwaka 1278.

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Nawashukuru sana. Je, baridi ya huko ikoje kwa mtu wa Mbeya?

Mzee wa Makete

Usidanganywe na mwinuko. Mji wao mkuu uko mita elfu moja na kidogo, chini ya Mbeya, na kilele chao cha Coma Pedrosa, mita 2,942, kinakaribiana na Rungwe. Lakini wao wako latitudo ya 42 kaskazini, na mwezi Oktoba theluji huweza kuanguka kwenye vilele. Chukua koti zito na viatu vya kupandia mlima, na lala huko siku mbili, ili bonde ulipe siku nzima.

Binti Gangilonga (Iringa)

Nyongeza moja: laini ya simu ya Uhispania haipati Andorra nafuu ya bei za Umoja wa Ulaya. Zima data kabla ya mpaka, na uhifadhi ramani na tiketi ya basi la kurudi kwenye simu ukiwa bado Barcelona.