Flatland ya 1884: kejeli dhidi ya ubaguzi au ubaguzi wenyewe? Mpwa wangu apewe au asipewe?

Kalamu Kavu (mwanzisha mada)
Wakuu salama? Nina mpwa wangu wa kike yuko kidato cha pili, hesabu anazitafuna kama karanga, nikaona nimtafutie Flatland, kile kitabu cha Mwingereza Edwin Abbott cha mwaka 1884. Kwa ambao hamjakutana nacho, ni nchi bapa kama karatasi, wakazi wake ni maumbo yanayoteleza juu ya hiyo karatasi na hakuna anayejua kama kuna kitu kinaitwa juu au chini. Askari na vibarua ni pembetatu nyembamba zenye ncha kali, wafanyabiashara ni pembetatu za pande sawa, msimuliaji mwenyewe ni Mraba, msomi wa daraja la kati, na ukipanda ngazi unaongeza pande mpaka unafika kwa makuhani ambao ndo Maduara. Wanawake ni mistari. Mstari mnyoofu, ncha kali kama sindano, basi. Siku moja anatokea Tufe, umbo la mviringo kama mpira, kutoka kwenye nchi yenye kimo, Mraba anafunguka macho, akirudi kusimulia anatupwa jela.

Sasa dada yangu kakisoma mpaka sura ya wanawake kanirudishia, anasema hampi mtoto wa kike kitabu kinachosema mwanamke hana akili. Swali: kitabu cha kale chenye mambo kama hayo mwanafunzi apewe chote, kikatwe vipande, au asubiri akue? Mimi nasema apewe chote. Ile ni kejeli, tatizo watu wetu hawajui kusoma kejeli.

Shangazi wa Tabata
"Watu wetu hawajui kusoma kejeli." Dada yako wa kuzaliwa naye ndo kawa "watu wetu"? Mjomba una dharau wewe.

Hicho kitabu nimekisoma na sura ya nne naikumbuka vizuri tu. Mwanamke akitoka barabarani lazima apige kelele njia nzima ili wanaume wasijechomwa, akinyamaza adhabu ni kifo. Nyumbani ana mlango wake upande wa mashariki, wa wanaume haruhusiwi kuugusa. Mwenye mafua sugu ya kupiga chafya kwa nguvu anauawa hapo hapo maana akishtuka anaweza kutoboa mtu. Haya mpe binti aende akacheke.

FundiNamba
Sasa dada si hiyo ya chafya ndo inakuonesha ni kejeli, nani anatunga sheria ya kuua mtu kwa chafya akiwa siriasi?? Huyo mzee alikuwa profesa wa hesabu Oxford na nadhani alikuwa anapigania wanawake wapige kura.

Kipanga
Oxford ipi hiyo. Jamaa alisoma Cambridge, hakuwa profesa wa hesabu, alikuwa kasisi wa Kianglikana na mwalimu mkuu wa City of London School tangu 1865, kakabidhiwa shule akiwa na miaka 26. Elimu ya wasichana aliitetea, hilo sawa. La kura umelitoa mfukoni kwako. Fundi kila mchuzi lazima uongeze chumvi.

FundiNamba
Oxford na Cambridge si kule kule, pointi yangu imebaki palepale.

Kipanga
Si kule kule. Kwenye nchi ya Mraba ukikosea kuhesabu pande za mkubwa unaharibikiwa maisha.

Njiti
Mmeng'ang'ania wanawake hamna anayewaongelea pembetatu. Mtoto wa Mraba anazaliwa na pande tano bila jasho, mjukuu sita, ukoo unapaa wenyewe. Mtoto wa kibarua akibahatika pembe yake inaongezeka nusu digrii kwa kizazi kizima. Kuna shule zinaweka pembetatu maskini darasani kama vielelezo ili watoto wa wakubwa wajifunze kumpapasa mtu na kujua pembe zake, kwingine hawapewi hata chakula, wakifa wanaletwa wengine. Na akizaliwa mwenye pande zisizolingana, hospitali ikishindwa kumnyoosha ndo mwisho wake.

Halafu kuna ule ujanja ambao mimi ulinimaliza. Wale wa chini wenye akili ambao wangeweza kuongoza uasi, wakubwa wanawanyanyua wachache, wanawapandisha daraja, uasi unakosa kichwa. Unasoma unacheka, kidogo unageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu anakuona.

Kalamu Kavu
Shangazi naona umenivamia bila kunijua. Huyo mtoto ada yake nalipa mimi tangu darasa la tano, daftari mimi, tuisheni mimi, leo naambiwa nina dharau?

Shangazi wa Tabata
Ahaa. Kwa hiyo umelipa ada na kichwa cha mtoto umekinunua, na cha mama yake umepewa nyongeza.

Kalamu Kavu
Hayo umeyasema wewe.

Kipanga
Jamani punguzeni moto. Hili la dada yake Kalamu si jipya. Mwaka huohuo wa 1884 kilipotoka chapa ya pili, Abbott aliweka dibaji ya kujibu watu waliosema kitabu kinadharau wanawake. Anasema Mraba baada ya miaka saba jela kabadilisha mawazo, siku hizi anaelekea kukubaliana na Tufe kwamba ile Mistari kwa mambo mengi muhimu inawazidi Maduara. Na kwamba aliandika tu kama wanahistoria wanavyoandika, ambao mpaka juzijuzi mambo ya wanawake na watu wa kawaida hawakuyaona yana thamani ya kutajwa. Soma polepole hapo, hilo ni kofi, na hawapigwi wa nchi ya karatasi.

Shangazi wa Tabata
Asante Kipanga umenisaidia bila kutaka. Kwa hiyo hata Waingereza wa 1884, lugha yao, mwandishi wao, shule zao, nao walilalamika. Nao walikuwa "watu wetu" wasiojua kejeli?

FundiNamba
😂😂 Kalamu hapo jibu.

Mvita Baharini
Mnisamehe, mie mpita njia. Lakini Kalamu mwenzangu waandika "pembetatu za pande sawa", kisha wasema ukipanda cheo "unaongeza pande". Na watoto skuli huambiwa mchemraba ni umbo la pande tatu. Basi huyo Mraba ana pande nne, na Tufe atoka nchi ya pande tatu, si Mraba ndiye mkubwa wake? Mbona mwaiharibu lugha?

FundiNamba
Haha mzee wa Mombasa, hizo ni pande mbili tofauti. Za pembetatu ni ule mstari wa pembeni. Za Tufe ni 3D.

Mvita Baharini
Ndilo nililouliza. Neno moja kazi mbili, tena ndani ya kitabu ambacho hizo kazi mbili ndizo hadithi yenyewe. Na "thirii dii" si jibu, hiyo ni televisheni.

Kipanga
Vipimo. Urefu kipimo kimoja, upana cha pili, kimo cha tatu. Nchi ya vipimo viwili, nchi ya vipimo vitatu. Kwisha kazi.

Shangazi wa Tabata
Kipimo ni cha malaria. Mwambie mtoto "dunia yetu ina vipimo vitatu" atakuuliza majibu yanatoka saa ngapi.

FundiNamba
Mimi nilikuwa nasema mielekeo. Unaweza kwenda mbele nyuma, kulia kushoto, juu chini, mielekeo mitatu.

Mvita Baharini
Umetaja sita.

Njiti
😂 Kaua.

Kipanga
Halafu mielekeo ndo inakuvuruga kabisa kwenye kile kitabu. Tufe anahangaika kumwelewesha Mraba kwamba juu si kaskazini. Juu, si kaskazini, mpaka Mraba anatembea nayo mdomoni kama dua asije akaisahau. Sasa tafsiri hiyo kwa mtu ambaye toka darasa la tatu ramani ilikuwa imetundikwa ukutani. Bibi yangu yuko Lindi, ukimuuliza wajukuu wako wapi anakwambia "wako juu huko Moshi".

Njiti
Lakini Moshi iko juu kweli. Kuna mlima.

Kipanga
Bibi hasemei mlima.

Njiti
Umemuuliza?

FundiNamba
Turudi kwenye hesabu kidogo maana ndo sababu ya mtoto kupewa kitabu. Pale Tufe anapoingia ndo utamu wote. Chukua chungwa, liweke juu ya maji ya beseni, likandamize taratibu. Mdudu anayeishi juu ya maji hawezi kuona chungwa, anaona linavyoyakata maji tu: kwanza nukta, nukta inakuwa duara dogo, duara linapanuka mpaka katikati ya chungwa, linaanza kusinyaa, nukta tena, limepotea. Ndivyo Mraba alivyomwona mgeni sebuleni kwake. Na jioni hiyohiyo alikuwa kamfukuza mjukuu wake pembesita akalale, kisa katoto kameuliza: kama tatu mara tatu ni eneo la mraba, je tatu mara tatu mara tatu, 27, ni kitu gani kwenye maumbo? Babu kasema upuuzi. Katoto ndo kalikuwa sahihi. Mtu anayependa hesabu umnyime hiyo kwa sababu ya chafya??

Mvita Baharini
Eneo la mraba, vyema. Sasa ule uwazi wa ndani ya mchemraba waitwaje?

FundiNamba
Ujazo mzee wangu. Usinianzishie.

Njiti
Niseme moja nikalale. Mwisho wa sehemu ya kwanza Mraba anaeleza kwamba miaka mia tatu nyuma Duara Mkuu aliamua wanawake wasifundishwe tena kitu chochote, kwamba hisia wanazo akili hawana. Hawajui kusoma, hawajui hata kuhesabu pembe za mume. Matokeo yake wanaume wanaishi na lugha mbili. Mbele ya wanawake wanasema upendo, wajibu, haki. Wakiwa wenyewe, upendo unaitwa matarajio ya faida, wajibu unaitwa ulazima. Na mtoto wa kiume akifika miaka mitatu anachukuliwa kwa mama kwenda kufundishwa kuisahau ile lugha ya kwanza. Hapo Mraba mwenyewe, na ubaguzi wake wote, anawaomba wakubwa waliangalie upya hili la elimu ya wanawake. Sasa mtoto ukimkatia sura zenye matusi, hili ombi atalikuta linaomba nini?

Mvita Baharini
"Ulazima" ni neno hilo? Si lazima tu?

Njiti
Ulazima lipo.

Mvita Baharini
Liko kwenu bara.

Kipanga
Mvita, mtu kaandika komenti ya maana kuliko zote humu, wewe umetoka na neno moja.

Mvita Baharini
Sikuipinga. Kitu sikukipinga nikijibu cha nini?

Kalamu Kavu
Mimi nilikuwa nimetulia nawasoma. Shangazi, "watu wetu" nililitoa kwa hasira, siku hiyo dada alikuwa amenirudishia kitabu kwa mkono wa mtoto, yaani kamtuma mtoto mwenyewe aje na kitabu aseme "mama kasema sikihitaji". Ile iliniuma. Lakini bado nasema apewe chote, na hiyo dibaji ya chapa ya pili aanze nayo.

Shangazi wa Tabata
Sasa hapo umeongea kama mtu. Ila dibaji asianze nayo. Akianza nayo ameshaambiwa wapi pa kucheka. Mwache akutane na hiyo sura ya nne mwenyewe akasirike, mimi nilikasirika wiki nzima na ndo maana mpaka leo naikumbuka mlango uko mashariki.

FundiNamba
Kwa hiyo Shangazi umekuja upande wetu??

Shangazi wa Tabata
Upande gani, wa pembetatu au wa Tufe? Sijaja popote. Nimesema mwandishi alimweka Mraba aropoke, na aropoke. Mnachonikera ni nyie mnaosoma Mraba anavyoropoka mkajiona nyie Tufe. Huyo Tufe wenu mwenyewe Mraba alipomuuliza, basi kama kuna nchi yangu na nchi yako, si kuna na nyingine zaidi ya hizo ambako hata ndani ya tumbo lako wanakuona, Tufe akanuna akamrusha arudi kwao. Mwalimu kaulizwa swali moja mbele kanuna. Hatujawahi kuwa na walimu hao?

Kipanga
Nawakumbuka kwa majina.

Mgeni Njoo
Wakuu nimechelewa. Kina PDF?

Kipanga
Kipo bure kabisa mtandaoni, haki miliki ilishakwisha zamani. Kifupi tu, jioni mbili unakimaliza. Kiingereza chake kizito kidogo.

Mgeni Njoo
Cha Kiswahili?

Mvita Baharini
Atakayekitafsiri ataandika pande, na msomaji atajua ni pande zipi.

FundiNamba
Atajuaje? Vipimo.

Mvita Baharini
Hicho keshasema Shangazi ni cha malaria.