MREJESHO: Kichujio cha moshi wa sigara sebuleni

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kama kichujio cha kupulizia moshi (kifaa ambacho mvutaji hutolea moshi wake ndani yake) kingemkinga mtoto mwenye pumu mzee akivuta sebuleni. Mlioniambia niweke feni ya kuvuta moshi juu ya kisahani cha majivu mlikuwa sahihi: moshi mwingi hutoka kwenye ncha inayoungua, si mdomoni.

Kwenye feni hiyo niliweka vichujio. Mwanzo nilitanguliza mkaa amilifu (mkaa maalumu wa kunasa harufu), ukashika lami ya moshi, ya kahawia yenye kunata, hewa ikagoma kupita. Sasa HEPA (kichujio cha kunasa chembe ndogo sana) iko mbele, mkaa nyuma yake, feni mwisho. Ukungu umeisha, harufu imepungua tu. Ila monoksidi ya kaboni (gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi) inapita kote, HEPA wala mkaa haviizuii. Kwa hiyo mzee amekubali kuvutia nje, mbali na dirisha.