Tupeane uzoefu: siku dalali wa mahakama alipokuja kwako kukazia hukumu

Mzee wa Uswazi
Wakuu, asubuhi nimekuta kenta imepaki kwa jirani, makochi yanatolewa, mkewe kasimama mlangoni kajitanda kanga hasemi kitu. Nikakumbuka yangu ya 2016. Nani mwingine kashawahi kukaziwa hukumu, yaani mahakama inamtuma dalali abebe mali zako kufidia deni?

mama_wawili
Yangu sijawahi kusimulia popote. Mume wangu alimdhamini kaka yangu mkopo, kaka akazima simu, kesi ikasikilizwa upande mmoja maana samansi zilikuwa zinaenda nyumba tuliyohama, sisi huku tunajua limeisha. Jumamosi saa mbili asubuhi nimebandika maharage, geti linagongwa, dalali na vijana wanne na mjumbe. Notisi ya siku 14 anasema aliibandika mlangoni, mlango upi sijui. Akaanza kuandika: tivii moja, friji moja, makochi seti. Karatasi ikamwishia, akaomba daftari la mwanangu wa darasa la tatu akachana ukurasa wa katikati. Sasa jiko la gesi. Kijana kalishika sufuria iko juu inatokota! Nikamwambia ngoja basi yaive, akaangalia saa, ati mama tuna nyumba nyingine mbili. Nikaepua mwenyewe, nimesimama na sufuria ya moto mkononi sina pa kuitua, meza walishatoa. Mume wangu mpaka leo hajawahi kunitajia kaka yangu kwa ubaya, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

dada_K
Pole mpenzi. Kwangu waliandikia nyuma ya kalenda.

Hakimu wa Kijiweni
Jiko hawakutakiwa kugusa. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, hata nyumba unayoishi na familia.

chuma_ulete
Vyombo vya kupikia ni sufuria na mwiko. Jiko la gesi la plate nne ni anasa.

Hakimu wa Kijiweni
Anasa? Wewe unapikia jua?

chuma_ulete
Napikia mkaa na sidaiwi na mtu.

Mbao Tupu
Mnalia upande mmoja tu. Mimi ndo nilikuwa mshika tuzo, yaani niliyeshinda kesi na ninayedai. Jamaa kachukua mbao za milioni 9, nikashinda kesi, miaka miwili namkimbiza, kila kitu kaandika majina ya watoto. Nikaomba akamatwe awe mfungwa wa madai, yaani afungwe kwa ajili ya deni. Kumbe hela yake ya chakula gerezani natoa mimi niliyemfunga!! Nikichelewesha posho wanamwachia, basi kila mwezi naamka napeleka, biashara yenyewe imelala. Miezi sita ikaisha akatoka kanenepa na deni liko palepale, maana kifungo hakifuti deni. Tukikutana ananisalimia kwa heshima zote, shikamoo bosi.

dada_K
Kumlisha mdeni wako 😂😂 nimecheka vibaya na nina msiba

Mtu wa Pwani 254
Huku kwetu Kenya auctioneer huja kwanza akaandika mali yako, anakupa siku 7. Hiyo wiki watu huhamisha fanicha usiku na boda.

Hakimu wa Kijiweni
Ukihamisha kilichoandikwa unajitafutia kesi nyingine, ndugu.

chuma_ulete
Dawa ni kutofungua geti. Jua likizama hawaruhusiwi kuingia nyumba ya mtu mpaka kuche, so mchana uwe kazini.

Mbao Tupu
Wakufuate hukohuko kazini. Nenda mahakamani na salary slip, omba ulipe kidogo kidogo, na ukipangiwa usiruke mwezi.

Hakimu wa Kijiweni
mama_wawili mlitakiwa kuomba ile hukumu ya upande mmoja itenguliwe, na zuio juu ili mali zisibebwe kwanza. Na kama friji ni la dada yako, dada ndo apeleke pingamizi mahakamani kwamba ni mali yake, akiwa na risiti.

mama_wawili
Risiti ilikuwa ndani ya droo ya kabati la tivii. Kabati lilikuwa la pili kupakiwa.

dada_K
Mleta mada, mbona ya 2016 hutuambii?

Mzee wa Uswazi
Mimi nilikuwa mmoja wa wale vijana wanne. Sio kwa mama, mtaa mwingine. Nilibeba siku moja tu nikaacha.

chuma_ulete
Duh.

Mtu wa Pwani 254
Mama, na maharage yakaiva?

mama_wawili
Tulimalizia kwa jirani, kwa mkaa. Chumvi ya kuazima.